Maneno ya Bahari ya Baltiki: safari kutoka Lübeck hadi Tallinn

Jumatatu, Lübeck

Nimeshuka kwenye treni ya kutoka Hamburg saa tatu asubuhi, nikaenda moja kwa moja kwenye Holstentor, lango la matofali mekundu lililojengwa kati ya 1464 na 1478. Minara yake miwili imelala upande kwa sababu ardhi ya chini ni ya majimaji. Pembeni yake, kwenye ukingo wa mto Trave, ziko ghala sita za chumvi, nami nilitaka kuziona hizo kabla ya kanisa au makumbusho yoyote.

Mimi nafundisha Kiingereza sekondari, Tanga. Wanafunzi huona Kiingereza kama lugha iliyozaliwa imekamilika, ya watu wamoja, kisiwani kwao. Likizo hii nimeamua kupita kwenye pwani ambayo Kiingereza kimechota maneno yake kwa karne nyingi na haitajwi darasani hata mara moja, yaani Bahari ya Baltiki. Naandika kila jioni kabla sijasahau.

Chumvi ndiyo mwanzo. Maji ya huku hayakolei chumvi, na jua la kuyakausha halipo. Heringi walivuliwa kwa wingi kusini mwa Sweden, lakini heringi bila chumvi huoza siku hiyo hiyo. Chumvi ilichimbwa Lüneburg, bara, na kuanzia 1398 ikawa inashuka Lübeck kwa mfereji wa Stecknitz. Mji uliokaa katikati ya samaki na chumvi ukatajirika, ukawa kichwa cha Hansa, muungano wa wafanyabiashara wa miji ya bahari hii na ya jirani. London walikuwa na makao yao ukingoni mwa Thames, Waingereza wakiyaita Steelyard, mpaka Malkia Elizabeth wa Kwanza alipoyafunga mwaka 1598. Wenyewe waliitwa Easterlings, watu wa mashariki.

Hao ndio walioingiza bidhaa pamoja na majina yake. *Deal*, kwa maana ya ubao wa msonobari, ni neno la Kijerumani cha pwani hii. (*Deal* ya kupatana bei ni neno jingine kabisa, la Kiingereza cha kale, yamefanana tahajia tu.) *Wainscot*, mbao za kuvika kuta, nalo limetoka humo humo. Mbao zenyewe zilikuwa za mwaloni uliokatwa kwenye misitu ya mashariki ya bahari hii. Wataalamu waliohesabu pete za miti kwenye picha za wakubwa wa Uingereza wa karne ya 16, zile zilizochorwa juu ya ubao, wamekuta nyingi ni mwaloni wa Baltiki. Kwa hiyo mtu akienda London kutazama sura za wafalme wale, anatazama pia mti wa huku. Sisi tulipeleka boriti za mikoko za Rufiji hadi Ghuba zikaezeka nyumba za Waarabu, na habari hii hatuchoki kuisimulia. Inafaa tuisimulie na hii ya wenzetu.

Jumanne, njiani

Siku nzima kwenye treni. Nimebadili Szczecin. Tambarare, viazi, misonobari, matofali mekundu.

Jumatano, Gdańsk

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Ni mitihani, mwalimu. Twende kwanza ule."

Kijana huyu nilimfundisha kidato cha tatu, sasa anasomea udaktari hapa Poland. Baada ya supu amenipeleka mtaa wa Mariacka, mtaa mfupi wenye baraza za mawe mbele ya kila nyumba, na karibu kila baraza pana meza ya kaharabu: shanga, pete, tasbihi, vipande vibichi visivyosuguliwa vyenye maganda ya kahawia.

Mama mmoja muuzaji aliniona nimeinama muda mrefu akaamua kunionyesha namna ya kupima. Alikuwa na glasi ya maji aliyoyakoroga chumvi nyingi. Akatumbukiza ushanga wa kioo, ukazama. Akatumbukiza kipande cha kaharabu, kikazama kidogo kisha kikapanda taratibu, kikaelea. Halafu akakisugua kipande kingine kwenye mkono wa sweta yake ya sufu, akakisogeza juu ya vijikaratasi alivyovichana. Vijikaratasi vikaruka, vikakinata.

Jambo hilo dogo ndilo lililompa umeme jina lake kwa Kiingereza. Wagiriki wa kale waliiita kaharabu *elektron*. Mwaka 1600 William Gilbert, tabibu wa Malkia Elizabeth, alichapisha utafiti wake juu ya sumaku, akaviita vitu vyote vinavyovuta namna hii kwa neno la Kilatini lenye maana ya "vya namna ya kaharabu". Kutoka hapo tukapata *electric* na *electricity*. Waarabu walifika mahali pale pale kwa njia nyingine. Waajemi waliliita jiwe hili *kahruba*, mnyakua makapi, na Kiarabu cha leo kinauita umeme *kahrabaa*. Kaharabu yetu ya Kiswahili imetoka huko huko, ila sisi tumeacha neno libaki kwenye jiwe.

Mama yule akachukua kipande cha tatu. Rangi ile ile ya asali, uzito ule ule. "Hiki nacho kinaelea," alisema, "maji ya chumvi hayatoshi." Akalowesha pamba kwa asetoni, akagusa. Ngozi ya kipande ikalainika, ikanata kidoleni. "Kopali. Ni changa. Wadanganyifu huiuza kama kaharabu. Inatoka Kolombia, Madagaska, Afrika Mashariki."

Nikamwomba nikishike. Ni sandarusi! Bibi zetu walifukiza sandarusi. Mchangani kule kwetu ilichimbwa na wanaume kwa majembe, ikasafishwa, na ndipo ngozi yake ikaonekana ina vipele kama kuku aliyenyonyolewa. Karne ya 19 ilikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa za Zanzibar, ikaenda hadi Salem kule Marekani kutengenezwa vanishi. Hapa inahesabiwa ni kitu cha udanganyifu, na kwa muuzaji wa kaharabu hiyo ni haki kabisa. Lakini nilimweleza yule mama kwamba kwetu ina jina lake, kazi yake na historia yake, naye alisikiliza vizuri. Zote mbili ni utomvu wa mti uliokaa ardhini, ila kaharabu ya Baltiki imekaa miaka zaidi ya milioni 40.

Kisha kuna hili, ambalo limenikosesha usingizi usiku huu. *Amber* ya Kiingereza si neno la huku hata kidogo. Limepitia Kifaransa kutoka Kiarabu, *anbar*, na *anbar* ni ambari: ile nta ya nyangumi yenye harufu, inayotupwa ufukweni na mawimbi ya bahari yetu. Al-Masudi, msafiri wa Kiarabu aliyefika pwani ya Zanji mwanzoni mwa karne ya 10, alisifu ambari ya huko. Wazungu waliipata kwa wafanyabiashara wa Kiarabu, wakalijua jina, na baadaye jina hilo hilo wakalivika jiwe la njano la Baltiki, kwa kuwa vyote viwili huokotwa ufukweni na vyote huchomwa vikanukia. Ilibidi hata waongeze "ya kijivu" kuitofautisha ambari halisi, ndiyo *ambergris*. Kwa hiyo jiwe la bahari hii ya baridi linaitwa na Waingereza kwa jina lililopita kwenye masoko yetu.

Na wenyeji wake waliliitaje? Kesho nakwenda kuwatafuta.

Alhamisi, Brzeźno na Malbork

Jana usiku upepo wa kaskazini ulivuma sana, na kijana akaniambia upepo huo ndio huleta kaharabu. Tumepanda tramu ya kwanza hadi ufuko wa Brzeźno. Wanaume wanne walikuwa tayari wamo majini mpaka kiunoni, wamevaa suruali za mpira zinazofika kifuani, kila mmoja na wavu wa mpini mrefu. Wanachota mwani mweusi unaobiringika kwenye mawimbi, wanaumwaga mchangani, kisha wanaupekua. Kaharabu ni nyepesi, husafiri pamoja na mwani na vijiti. Mmoja alifungua ngumi akanionyesha: vipande saba vya ukubwa wa punje za mahindi, na kimoja kama kidole gumba, chenye ukungu wa maziwa ndani.

Nilisimama pale nikingoja kitu ambacho hakikuja. Maji hayakupwa. Mtu wa Tanga ratiba yake imefungwa na maji kujaa na kupwa, na wakati wa bamvua upwa wetu hufunguka mbali mno. Hapa mlango wa kuingilia bahari kuu, kule Denmark, ni mwembamba kiasi kwamba mawimbi ya kupwa na kujaa karibu hayapiti. Nilionja maji: chumvi ni gramu kama 7 kwa lita, wakati yetu ni 35. Wavuvi wa huku hawana haja ya kuhesabu mwezi, wanahesabu upepo.

Mchana, Malbork, nusu saa na ushei kwa treni. Ngome hii ya matofali ni kubwa kuliko nilivyotegemea. Unazunguka ukuta mmoja unakutana na mwingine. Tangu 1309 ilikuwa makao ya mkuu wa Shirika la Kiteutoni, watawa wa Kijerumani wenye panga, walioingia karne ya 13 kuwabatiza kwa nguvu wenyeji wa nchi hii, Waprusi.

Nasema Waprusi, na msomaji atafikiria askari wa Kijerumani wenye kofia za ncha. Hao walichukua jina tu. Waprusi wenyewe walikuwa Wabalti, jamaa za Walithuania na Walatvia kwa lugha, wakulima na wavuvi wa pwani hii. Tacitus, Mrumi, mwaka 98 alitaja watu wa ufuko huu wanaookota kaharabu na kuiuza bila kujua wanunuzi wanaipendea nini. Shirika lilipowashinda likahodhi kaharabu yote. Mwenyeji aliyeokota kipande kwenye ufuko wake mwenyewe na kukificha aliweza kunyongwa. Mali ikapelekwa kwa mafundi wa tasbihi wa Lübeck na Bruges, ile Lübeck niliyotoka Jumatatu.

Lugha ya Waprusi ilikufa mwanzoni mwa karne ya 18. Tauni ya 1709 hadi 1711 iliwamaliza wengi wa mwisho. Kilichobaki ni katekisimu zilizochapishwa 1545 na 1561, maandishi machache ya vipande vipande, na orodha ya maneno kama 800 inayoitwa kwa jina la mji wa jirani, Elbląg. Kwa lugha yao kaharabu ni *gentars*.

Kiingereza hakikulichukua. Kilichochukua kwa Waprusi ni jina la nchi yao, nalo kwa kulikosea. Waingereza wa zama za kati walisema *Pruce*, baadaye *Spruce*. Chochote kilichotoka bandari hizi kikawa "cha Spruce": ngozi, kasha, bia, ubao. Mti mrefu wa jamii ya misonobari ulioletwa kwa ajili ya milingoti ukabaki na jina hilo moja kwa moja. Chaucer, mshairi wa Kiingereza wa mwishoni mwa karne ya 14, alimweka mpiganaji wake kwenye kichwa cha meza *in Pruce*, maana kuja huku kuwapiga Wabalti ambao hawajabatizwa ilikuwa fahari kwa mabwana wa Uingereza. Leo watoto wetu wanasoma *spruce* kwenye kitabu cha jiografia kama jina la mti. Hakuna anayewaambia kwamba ni jina la watu, na kwamba watu hao hawapo.

Nimekaa uani mwa ngome mpaka walinzi walipoanza kufunga. Sikuwa na la kufanya, niliona vibaya tu kuondoka haraka.

Jumamosi, Klaipėda na Nida

Kati ya Gdańsk na Lithuania ipo Kaliningrad, kipande cha Urusi tangu vita vikuu vya pili, na huko ndiko kwenye machimbo makubwa kuliko yote ya kaharabu duniani. Mimi sina viza. Basi la usiku likazunguka mbali kupitia Kaunas na kunishusha Klaipėda asubuhi, mgongo ukiuma.

Kivuko cha dakika chache kinakupeleka kwenye Rasi ya Kuronia, ukanda wa mchanga wa kilomita 98, bahari upande mmoja na wangwa mkubwa wa maji baridi upande wa pili. Jina ni la Wakuronia, Wabalti wengine ambao lugha yao ilimezwa. Misitu ilipokatwa, mchanga ulitembea na kufukia vijiji vizima kimoja baada ya kingine, mpaka karne ya 19 watu walipoanza kupanda misonobari ya milimani kwa mikono kuushikilia. Nida, kijiji cha mwisho kabla ya mpaka, nyumba zimepakwa rangi ya kahawia nyekundu na buluu. Kwenye makaburi ya zamani alama za mbao, zilizochongwa maumbo ya chura na ndege, zimesimamishwa miguuni kwa maiti na si kichwani.

Wakuronia wameacha jina mbali zaidi. Karne ya 17 Mtemi Jacob wa Courland, nchi iliyopo Latvia ya leo, alijenga meli, mwaka 1651 akanunua kisiwa katika mdomo wa mto Gambia akaweka ngome, na akapeleka watu Tobago. Waingereza waliiteka ngome ya Gambia mwaka 1661, na kisiwa hicho, kilichokuja kuwa kituo cha biashara ya watumwa, leo ni Kunta Kinteh. Huko Tobago ghuba moja bado inaitwa Great Courland Bay. Jina la wavuvi wa mchanga huu liko Karibi, na njia lililopitia haikuwa safi.

Jumapili, Palanga

Mvua. Makumbusho ya Kaharabu, ndani ya kasri la ukoo wa Tyszkiewicz, yamefunguliwa tangu 1963. Mbu ndani ya kaharabu, mguu mmoja umenyooka. Kwa Kilithuania kaharabu ni *gintaras*, ndugu wa *gentars* ya Waprusi, na ni jina la mtu vilevile. Mkata tiketi ameniambia binamu zake wawili wanaitwa Gintaras na shangazi yake ni Gintarė.

Jumanne, Riga

Kwenye uwanja wa mji wa zamani liko jumba la Vichwa Vyeusi, lililotajwa kwa mara ya kwanza 1334, likaharibiwa na vita 1941, magofu yakabomolewa 1948, likajengwa upya lilivyokuwa miaka ya 1990. Lilikuwa la chama cha wafanyabiashara wasio na wake. Jina limetokana na msimamizi wao mtakatifu, Mauritius, ambaye Wakristo wa huku walimchora kama Mwafrika mweusi. Kichwa chake kiko kwenye nembo: nywele za kipilipili, kilemba. Vijana wa Kijerumani wa bahari ya barafu, miaka 600 iliyopita, walitembea chini ya sura ya mtu wa kwetu wakiomba awalinde melini. Mlinzi wa mlangoni aliponiona nimesimama muda mrefu alitabasamu, nami nikamwomba anipige picha nikiwa chini ya nembo.

Jumatano, Mazirbe

Basi la mkoa limepita misitu kwa saa nyingi. Huu ndio ufuko wa Walivonia, waliompa Mwingereza jina *Livonia* kwa nchi yote ya Latvia na Estonia za zamani, ingawa wenyewe walibaki kwenye vijiji hivi dazeni moja. Lugha yao si ya Kibalti, ni jamaa wa Kifini na Kiestonia. Bendera yao ya 1923 ina kijani, nyeupe na buluu: msitu, ufuko na bahari, kama mvuvi anavyoiona nchi yake akiwa mashuani. Nyumba yao ya jumuiya, iliyofunguliwa 1939 kwa msaada wa ndugu zao wa Estonia, Ufini na Hungaria, bado imesimama, nyeupe, madirisha makubwa.

Vita vikaja, kisha utawala wa Kisovieti ukaufanya ufuko kuwa mpaka wa kijeshi. Wavuvi wakazuiwa kwenda baharini. Mashua zao zikaburutwa hadi msituni na kuachwa. Nimezikuta, au mabaki yake: mbavu za mbao zimefunikwa kuvumwani, misumari yenye kutu imetokeza, mti mchanga umeota palipokuwa na mkuku. Niliweka kiganja kwenye ubavu mmoja, ukamomonyoka. Mtoto wa pwani hahitaji mkalimani kuelewa maana ya mashua kupelekwa porini.

Grizelda Kristiņa, aliyehesabiwa kuwa mtu wa mwisho aliyekua na Kilivonia kama lugha ya mama, alifariki Kanada mwaka 2013, akiwa na miaka 103. Lakini watu wanajifunza. Mama mmoja aliyekuwa akifagia ngazi za nyumba ya jumuiya alinisomea kibao cha kijiji kwa Kilivonia, Irē, akanisahihisha mara mbili nilipofupisha irabu ya mwisho.

Ijumaa, Tallinn

Nimeuliza watu wanaiitaje bahari yao. Wajerumani wanasema Ostsee, Bahari ya Mashariki. Waestonia husema Läänemeri, Bahari ya Magharibi, kwa kuwa kwao iko magharibi. Wafini husema Itämeri, ya Mashariki, japo kwao haiko mashariki. Walilitafsiri la Waswidi. *Baltic* limeandikwa kwanza na padri wa Bremen, Adam, karne ya 11, naye hakuwa mtu wa pwani hii.

Kiingereza kimepata *sauna* kutoka Kifini, ambayo Waestonia huiita *saun*. Katika yote niliyoyafuata hilo ndilo pekee lililotoka kwa wenyewe likiwa zima, sauti na maana, na kitu chenyewe hakikuporwa.

Kaharabu kwa Kiestonia ni *merevaik*, utomvu wa bahari. Nimelisikia kwa muuza shanga ukutani pa mji wa kale, na ndilo jina ninalolipenda kuliko yote ya njia hii, kwa sababu aliyelitunga aliokota kitu, akakinusa, akakitambua.

Meli ya Helsinki ni saa nne na nusu asubuhi.